Meza ya Migongo

Wapo watu wanaoamini kwamba ndugu yao aliyeko ng'ambo ni mashine iliyochomekwa ukutani. Inavuma mchana, inatema pesa mwisho wa mwezi, na usiku inazimwa isije ikala umeme bure. Ukiwaambia kwamba mashine hiyo ina miguu, na kwamba Jumamosi ikifika miguu hiyo inawasha kutaka muziki, wanakutazama kana kwamba umewatukania marehemu. Na wakiwa wakarimu sana, watakubali miguu iwashe, ila iwe miguu ya mwanamume.

Mwanamke wa kisa hiki walimwita Dada Pasi. Alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, kwenye mashine ya kunyooshea yenye magogo mawili ya chuma yanayozunguka kwa mvuke. Yeye alishika pindo la shuka upande huu, mwenzake akashika upande ule, wakaliingiza mdomoni mwa mashine, nalo likatokea nyuma limenyooka kama karatasi. Wakashika jingine. Mwenzake huyo aliitwa Msusi, kwa kuwa akitoka hapo alikwenda kusuka watu nywele sebuleni kwake. Ndani ya mashuka yale walishaokota sindano, meno ya bandia, pete ya ndoa, na vitu vingine ambavyo mtu hasimulii wenzake wakiwa wanakula. Mikono ya Dada Pasi ilikuwa na makovu ya moto hadi kwenye viwiko, na mgongo wake haukunyooka tena tangu wakubwa walipopunguza wafanyakazi na kuwaachia wawili kazi ya wanne.

Mumewe, Dereva, aliendesha gari la kusambaza mikate madukani. Walikaa chumba na sebule juu ya duka la simu. Binti yao, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa mdomo wake usiofungwa, alibaki nyumbani kwa shangazi yake tangu akiwa wa kubebwa, na sasa alikuwa msichana wa kuazima viatu vya shangazi yake. Shangazi huyo, dada mkubwa wa Dereva, alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi.

Baada ya miaka ya kuombaomba, ubalozi ulikuwa umekubali kumsikiliza mtoto, ili aruhusiwe kuwafuata wazazi wake. Alhamisi asubuhi afike mwenyewe, na aliyemlea afike naye, waulizwe maswali. Mtoto asiyefika na mlezi wake anarudishwa mwisho wa foleni, na foleni yenyewe inakwenda kama konokono mgonjwa. Chiriku angevuka umri wa kuhesabiwa mtoto kabla jina lake halijaitwa tena. Kwa hiyo Dada Pasi alikuwa haishi tena siku nyingine. Aliishi kuelekea Alhamisi.

Jumamosi iliyotangulia, Dereva alirudi na tiketi mbili za Godauni.

*

Wiki nzima Godauni ni stoo ya matairi. Siku ya bendi matairi yanasukumwa ukutani, meza za plastiki zinapangwa, na jukwaa linaundwa kwa mbao zilizolazwa juu ya makreti. Harufu ya mpira haitoki, lakini ngoma ya kwanza ikigonga hakuna anayeisikia. Bendi ilikuwa ya watu wa nyumbani, wapaka rangi na walinzi na waosha vyombo mchana, usiku ule wamevaa suti za rangi moja. Mpiga solo alifumba macho. Mwimbaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliimba amesimama tuli kama anayesubiri basi, akiwaacha watu ndio wahangaike.

Na palikuwa na Bwana Taa. Huyu alizunguka ukumbini na simu yenye taa kali, akirusha kila kitu laivu, na kule nyumbani watu walikaa barazani na vitandani wakiangalia. Taa ikifika, wanaume waliikimbilia kama watoto waliosikia kengele ya mwuza barafu. Dereva alikuwa hodari wao. Aliinua chupa, akaweka uso karibu na simu, akasema, "Baba Mdogo, nakuona huko, usilale," na Bwana Taa akamsomea yanayoandikwa: "Kaka anakula maisha. Mungu amzidishie. Dada yako amekurushia mioyo, mingi, imejaa kioo."

Wanawake walikaa meza ya nyuma, karibu na matairi, na walikuwa na utaratibu wao. Taa ikianza kuja upande wao, aliye karibu anasema kwa sauti ya kawaida, "Maji yanakuja." Wote wanageuka. Anayecheza anacheza akitazama ukuta, anayekunywa soda anainamia begi lake. Kule nyumbani ilionekana safu ya migongo tu. Taa ikipita, wanageuka tena wakicheka. Hakuna aliyeuanzisha utaratibu ule kwenye kikao. Kila mmoja alikuwa na mama mkwe, au wifi, au shemeji mwenye ulimi, na kila mmoja alishawahi kuulizwa kwenye simu swali linaloanza na "kumbe".

Dada Pasi alikuwa hajafika Godauni kwa muda mrefu kiasi kwamba hata meza alizikuta zimebadilishwa. Kipande cha kwanza alikaa. Cha pili alitikisa bega. Wimbo wa tatu ulipofika pale pa kuchemka, mwimbaji akanyamaza na kuliachia gitaa, alivua viatu akaviweka chini ya kiti. Alicheza. Mgongo uliokuwa ukimuuma toka Jumatatu ulimuuma vilevile, ila sasa ulimuuma ukiwa na shughuli. Msusi alimpigia makofi. "Huyu ndiye tulikuwa tunashika naye mashuka siku zote?" aliwauliza wengine. "Mimi nilidhani ni jirani."

"Maji yanakuja," mtu akasema.

Dada Pasi akageuka, akaendelea kucheza akitazama matairi. Taa ilikaa mgongoni mwake kidogo, ikapita.

*

Simu ililia Jumapili mchana, Dereva akiwa bado amelala.

"Shikamoo, wifi," Dada Pasi alisema.

"Marahaba. Mgongo umepona?" Fundi aliuliza.

"Bado, wifi. Unanisumbua."

"Pole. Mimi nilidhani umepona. Maana jana nimeuona."

Dada Pasi alivuta mlango wa chumbani.

"Ijumaa nilipokuambia tuongee mambo ya mtoto uliniambia huwezi kukaa kwenye simu, mgongo. Nikakuonea huruma. Jana nikauona huo mgongo, unapanda unashuka, wenye mgongo mzima hawafanyi hivyo."

"Wifi, watu ni wengi pale, labda umenifananisha."

"Na gauni nimelifananisha? Gauni nililishona mimi. Kitambaa kilipungua kiunoni nikaunga kipande, maua yakaangalia chini, mengine yote yanaangalia juu. Niliona haya kukuletea. Nikajisemea, yuko mbali, nani atayaona. Basi nimeyaona mimi."

Ndivyo alivyokamatwa. Meza nzima ilikuwa imekaa miaka ikificha nyuso, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba fundi hatambui mtu kwa uso.

"Sasa Alhamisi," Fundi aliendelea, "mtafute mwingine wa kumpeleka mtoto. Mimi nina kazi. Mtu mwenye nafasi ya kucheza anayo nafasi ya kupanda ndege aje ampeleke mwanawe."

"Wifi, mlezi ni wewe. Hawamkubali mwingine."

"Kumbe unalijua hilo. Baba Mdogo amesema Jumanne mchana familia ikae, nawe uwe kwenye simu. Ukijishusha tutaona. Usipojishusha, mtoto amezoea hapa."

Chumbani, Dereva alikuwa amekaa kitandani na shati la jana.

"Dada kakasirika," alisema, kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa.

"Umesikia."

"Ana sauti kubwa."

"Sasa mpigie. Mwambie tiketi ulileta wewe. Mwambie ulinivuta mkono. Mwambie ulikuwa pale mwenyewe."

"Kuwa pale anajua. Alinirushia mioyo."

"Kwa hiyo wewe mioyo, mimi kikao."

"Usiyachukulie hivyo." Dereva alijikuna shingo. "Tiketi nilileta nikijua utakataa kama siku zote. Ni ubinadamu tu. Sasa jishushe, mke wangu. Sema nisameheni, yaishe, mtoto aje. Neno lina uzito gani?"

"Kama halina uzito liseme wewe."

Alirudi kulala. Wanaume wa namna hii usiwatafute kwenye ulevi wala kwenye ngumi. Hawapigi, hawatukani, na majirani watakuapia kwamba ni watu wapole. Kazi yao ni kujilaza tu, dhoruba ikipiga iwapite juu.

*

Jumanne saa ya chakula Dada Pasi alimwomba msimamizi ruhusa ya kupokea simu, muda wake wa kula. Msimamizi alikuwa akila embe kwa kijiti cha meno.

"Nyie watu mna vikao," alisema. "Kila siku kuna anayeketi na ukoo kwenye simu. Kamalizie huko stoo ya machafu. Hapa sitaki kelele."

Stoo ya machafu ni pale yanapopokelewa mashuka kabla hayajafuliwa. Mifuko myekundu ni ya yaliyolowa damu, ya njano ni ya mengineyo. Dada Pasi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Msusi akasimama mlangoni kumlindia. Akaiweka simu juu ya goti, akaifungulia sauti.

Kule walikuwa wamekaa kweli. Alisikia viti vikikokotwa na mtu akikohoa. Dereva naye aliungwa kwenye simu hiyohiyo akiwa ndani ya gari la mikate.

"Mkwe, unatusikia?" Baba Mdogo aliuliza.

"Nawasikia, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo kelele ni nini?"

"Mashine, baba. Niko kazini."

"Basi tufanye haraka, tusije tukakuharibia kazi." Hilo alilisema kwa moyo wake wote. Kazi yake waliipenda wote. "Hatukukutana kwa ubaya, mkwe. Sisi hatukatai mtu kufurahi. Lakini kila jambo na mwenyewe. Mumeo akitoka, ametoka kupumzisha akili, barabara ni mtihani. Wewe una mtoto anakungoja, una wakwe, una jina letu umelibeba. Unacheza nalo pekupeku mbele ya taa?"

"Mimi nilikuwa nimeipa taa mgongo, baba."

Mtu alicheka kule, akanyamazishwa.

"Hapo ndipo ubaya ulipo," Fundi aliingilia. "Anayejua anafanya haki hageuki."

"Dereva," Baba Mdogo aliita, "wewe mume una neno?"

"Baba Mdogo, mimi... huku mtandao... unakatakata."

Kila neno lilifika safi kama lililooshwa. Nyuma yake ilisikika indiketa ya gari, tik, tik, tik.

"Basi mkwe, maliza wewe."

Dada Pasi aliyatazama mapipa ya dawa ya kuulia vijidudu. Usiku kucha alikuwa amelifanyia mazoezi neno lile, na alipolitafuta alilikuta tayari mdomoni.

"Nisameheni."

"Kwa lipi? Litaje."

"Kwa kwenda kucheza."

"Na?"

"Na sitarudia."

"Umefanya vizuri," Baba Mdogo alisema, na sauti yake ikalegea kama mshipi uliofunguliwa baada ya kushiba. "Mtu haanguki kwa kujishusha. Tumemaliza."

"Hatujamaliza," Fundi alisema. "Chiriku yuko mlangoni. Aingie, asikie kwa masikio yake. Kesho asije akasema shangazi alimsingizia mama."

Ikasikika miguu ya ndala. "Shikamoo, mama," mtoto alisema. Yule asiyefunga mdomo hakuongeza neno.

"Marahaba, mwanangu."

"Rudia, mkwe," Baba Mdogo alisema. "Kama ulivyosema. Mtoto asikie."

Msusi pale mlangoni alikuwa akimwashiria kwa mikono miwili, sema, sema yaishe. Na Dada Pasi alitaka kusema. Kulitoa mbele ya wazee alikuwa ameweza, ni sawa na kumeza dawa chungu, unafumba macho. Ila sasa aliona kwamba dawa ile alikuwa anapewa ili amnyweshe mwanawe. Msichana yule angelichukua neno lile akue nalo, aolewe nalo, na siku moja naye akae juu ya ndoo yake mahali fulani aombe radhi kwa kucheka.

"Mwanangu," alisema, "Jumamosi nilikwenda kwenye muziki. Nilicheza mpaka nikavua viatu. Sikuiba kitu, sikumkosea mtu. Wiki nzima nanyoosha mashuka ya wagonjwa, nami nina mwili. Nikipata nafasi nitakwenda tena."

"Mkwe."

"Na ninyi wazee nisameheni. Nimewaomba msamaha bure."

Simu ilikatwa kule. Alibaki ameshikilia kioo cheusi. Msusi alifunga mlango, akaegemea mifuko ya njano, kisha akakumbuka ni mifuko gani akasimama wima.

"Umeharibu," alisema.

"Najua."

"Umeharibu vizuri lakini."

Dada Pasi hakucheka. Mchana ule mashuka mengi yalipita mashineni yamepinda, na msimamizi akayarudisha yote.

Jioni Dereva hata kofia hakuvua. "Ulishamaliza," alisema. "Neno ulishalitoa, mzee alisharidhika. Kiburi cha nini tena? Umempoteza mtoto kwa ajili ya ngoma ya saa moja."

"Ulisikia yote?"

"Nilisikia."

"Mimi nilidhani mtandao ulikuwa unakatakata."

Alivua kofia, akaitazama ndani, akatoka kwenda kukaa kwenye gari.

*

Jumatano Dada Pasi hakula. Alipewa muda wa chakula, akatoka uani kati ya vitoroli vibovu, akapiga simu. Hakuwa na mpango. Alikuwa na hasira tu, na hofu ya kesho asubuhi, navyo viwili hivyo vilimfikisha mpaka kwenye kubonyeza jina.

Fundi alipokea cherehani ikiendelea. "Sema haraka, nina nguo za watu hapa."

"Wifi, sikupigii kuomba msamaha."

"Hilo najua. Heshima uliimaliza jana."

"Nataka kukuuliza kitu. Gauni lile ulilishona la nini?"

"La nini vipi?"

"Uliponiletea uliniambia nivae siku ya furaha. Siku hiyo ni ipi? Nitajie. Kila siku niliyonayo ni ya kazi, na iliyobaki mmesema si yangu. Nitajie basi tarehe, nikalivae siku hiyo, nisiwaudhi."

Cherehani ikasimama.

"Unanisuta," Fundi alisema.

"Nakuuliza."

"Na mimi nikuulize. Unajua nimeshona magauni mangapi ya watu kwenda dansini? Kila Jumamosi wanajazana hapa, Fundi fanya haraka, bendi inaanza. Nawafunga zipu. Wanatoka wananukia mpaka njia inanukia. Mimi nabaki na mtoto wako. Ana homa. Ana mtihani. Ana jino. Nilikuwa na mtu mimi, ulijua?"

"Sikujua."

"Seremala. Alinialika bendi, nikamwambia nina mtoto wa kaka. Akanialika tena, mtoto wa kaka. Mara ya tatu akaalika mwingine, na gauni la huyo mwingine nikashona mimi. Hukujua kwa sababu hukuuliza. Ukipiga ni Chiriku kala, Chiriku kalala. Hata siku moja hukuniuliza na mimi kama nimelala."

Dada Pasi alikaa juu ya kitoroli. "Sikukuuliza," alisema. "Hapo umenishika."

"Halafu nakuona unapanda unashuka. Ningefurahi kwa lipi?"

"Lakini wifi, mtoto ulimtaka wewe."

"Nani?"

"Wewe. Siku tunaondoka, kaka yako aliniambia umelia. Kwamba huna mtoto, ukiachwa peke yako utakufa, tukuachie huyu kidogo ukae naye. Mimi nilikubali kwa ajili yako. Maziwa yalikuwa bado yananitoka, nikakubali. Miaka yote nikisema tumlete, ananiambia dada atavunjika moyo."

Kule mkasi ukawekwa mezani.

"Mimi nililia baada ya kuachiwa," Fundi alisema polepole. "Kabla yake sikulia. Kaka yangu alikuja hapa akakaa kwenye kiti hiki cha wateja. Akasema, dada, mke wangu hawezi kazi na mtoto, amesema mtoto atamfunga miguu, nishikie mwaka mmoja. Mwaka mmoja, dada. Nikasema moyoni, mama gani huyu. Nikamchukua mtoto, na wewe nikakuchukia siku hiyohiyo."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Alisema umesema."

Mlango wa kiwanda ulifunguliwa, mvuke ukatoka, mlango ukafungwa.

"Na Jumamosi zake zote hizo," Fundi alisema, "chupa juu, nakuona dada, nakuona Baba Mdogo. Mimi namrushia mioyo. Nalipia kifurushi cha simu, pesa ya vifungo, ili nimrushie mioyo." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe miguu aliyoogopa kufungwa ilikuwa yake."

"Ubalozi ni kesho, wifi."

"Siwezi kusahau, nguo yake nimeshaipiga pasi tangu Jumapili. Nilikuwa nimekasirika, sikuwa nimerukwa na akili." Cherehani ikaanza tena, ikasimama. "Nitampeleka. Usinishukuru. Bado nina hasira na wewe."

"Hata mimi nina hasira na wewe. Jana ulimwita mtoto aje anione nikidhalilika."

"Nilimwita."

"Sitasahau."

"Usisahau. Mimi pia nina kumbukumbu nzuri."

*

Alhamisi Dada Pasi alifanya kazi na simu ndani ya soksi, kinyume cha sheria za kiwanda. Ilipotetemeka aliachia pindo la shuka, shuka zima likamezwa kombo, Msusi akabonyeza kitufe chekundu na mashine ikasimama. Msimamizi alitoka ofisini akifoka. Dada Pasi alikuwa ameshafika uani.

"Mama, wamekubali," Chiriku alisema, kisha maneno yakamwagika kama kawaida yake. "Aliniuliza shangazi anapenda nini, nikamwambia kulalamika, akacheka. Akamuuliza shangazi nani amemlea huyu, shangazi akasema mimi hapa na mama yake kule. Akauliza, na baba? Shangazi akakunja kitambaa chake, halafu akasema, baba yupo. Mama, unalia? Shangazi naye analia, lakini anasema ni vumbi. Mama, na ile video nimeiona mwenyewe. Kwa nini ulikuwa unaangalia matairi?"

"Nilikuwa mjinga," Dada Pasi alisema.

Alirudi ndani akakatwa nusu siku ya mshahara. Alisaini bila kusoma.

Dereva alipopata habari alipiga sakafu kwa mguu kwa furaha, akamkumbatia mkewe, akapigia simu watu wote anaowajua. Kwa kila mmoja alisema, "Nimemtoa mtoto." Nimemtoa, nimehangaika, nimefanikiwa. Dada Pasi alikuwa anakatakata vitunguu, akisikiliza. Hakumwambia kitu Alhamisi, wala Ijumaa. Dereva alidhani ni utulivu wa mwanamke aliyepata alichokitaka, akafurahi zaidi.

Jumamosi bendi ilikuwa inarudia Godauni kwa maombi ya watu. Alasiri Dereva alioga, akapaka mafuta, akaanza kuvaa mapema, jua likiwa bado kwenye mapaa. Rafiki zake walikuwa wamemwahidi kumpitia, na mwimbaji alishapelekewa salamu: amtaje jukwaani, baba aliyemtoa mwanawe.

"Utakuja?" alimuuliza mkewe, akifunga kifungo mbele ya kioo. "Safari hii hawana neno, mtoto kashapita. Ila kaeni kulekule nyuma, tusichokoze watu."

Simu yake ikalia, ya video. Alipoona ni dada yake aliinua simu juu, uso ukachanua. "Dada, umeniwahi, ndiyo kwanza navaa. Leo utaniona laivu."

"Mpe mke wako simu," Fundi alisema.

"Naye yuko hapa. Kuna nini?"

"Mpe. Na wewe usiondoke, kaa hapo kitandani tukuone." Fundi alisogea kidogo, na kando yake akaonekana Baba Mdogo, amevaa miwani yake ya vikao, uso hauna mchezo. "Kikao leo ni chako. Uliniambia mke wako amesema mtoto atamfunga miguu. Yeye ukamwambia nimelia nikimtaka. Mweleze Baba Mdogo lipi lilikuwa la kweli, na sisi wawili tukisikia."

Dereva alimtazama mkewe. Dada Pasi alikuwa ameshaipokea simu, ameiegemeza juu ya meza ya kulia chakula, akaigeuza taratibu mpaka mume wake akaingia kioo kizima, kifungo kimoja kimefungwa, vingine bado.

"Hayo ni ya zamani," Dereva alisema. "Sote tulikuwa..."

"Ni ya zamani kweli," Baba Mdogo alisema. "Anzia huko."

Chini barabarani honi ililia. Ikalia tena, mara hii na vicheko, na mtu akaita jina lake la utani. Dereva akainuka nusu, mkono tayari kwenye koti. Mkewe alimpita, akafungua dirisha, akainama nje. Gari lilikuwa limejaa, muziki unadunda ndani yake, na nyuso zote zilikuwa zimeinuliwa kumtazama.

"Nendeni," aliwaambia. "Leo hatoki."